Risiva haijafa: kwa nini spika za nyuma zimenyamaza

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Habari za kazi, mtaalamu. Nimenunua risiva ya mtumba ya 5.1, ile amplifaya ya kugawa sauti kwenye spika nyingi, nikaifungia spika tano na sabufa niliyotoa kwenye hom thieta yangu ya zamani. TV ni smart ya inchi 50, na sauti nimeitoa kwenye TV kwa waya mwekundu na mweupe. Tunaangalia king'amuzi, Netflix na muvi za kwenye flashi. Zinalia spika mbili za mbele tu. Ya katikati na za nyuma kimya, sabufa nayo hata ukiweka sikio husikii kitu. Nikibonyeza rimoti mpaka iandike ALL CH STEREO spika zote tano zinalia, ila zinalia kitu kilekile. Fundi wa mtaani anasema IC ya nyuma, yaani chipu ya amplifaya ya spika za nyuma, imeungua na anataka laki moja na nusu. Nimpe?"

Usimpe, kaka. Ushahidi kwamba fundi amekurupuka umeuandika wewe mwenyewe: ukichagua ALL CH STEREO, spika zote zinalia. Amplifaya ya nyuma ingekuwa imeungua isingefufuka kwa sababu umebonyeza kitufe cha rimoti. Amplifaya ni nzima, nyaya ni nzima, spika ni nzima. Kinachokosekana ni sauti ya kuzipelekea. Risiva yako inapokea njia mbili za sauti na inatoa mbili.

Karibu kila anayeniletea tatizo hili huwa ameanzia mgongoni mwa risiva, anakaza nyaya, anabadilisha spika, anapuliza vumbi. Mimi huanzia usoni, kwenye kioo chake. Kabla hujauliza spika ipi inalia, uliza ni nini kinachoingia.

Filamu iliyotengenezwa kwa 5.1 ina njia sita za sauti, kila moja imerekodiwa peke yake: mbele kushoto, katikati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ".1" ambayo ni njia ya besi nzito peke yake, inayoishia kwenye hezi 120 hivi. Mfumo wa Dolby Digital, ulioingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, na DTS uliofuata mwaka 1993, ndiyo iliyofanya njia hizo sita zibanwe ziwe mkondo mmoja wa data, na DVD zikaufikisha mkondo huo sebuleni mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi kubwa ya risiva ni kuufungua mkondo huo na kuipa kila spika sehemu yake. Mkondo usipofika, haina cha kugawa.

Sasa, sauti ya njia sita ikishakunjwa ikawa stereo ya njia mbili, hairudi tena ilivyokuwa. Maziwa yakishamiminwa kwenye chai hayachujwi. Kwa hiyo tunachotafuta ni sehemu moja tu: kati ya filamu na risiva yako, ni nani aliyemimina?

Kwako wa kwanza ameshaonekana. Ni ule waya mwekundu na mweupe. Mwekundu ni kulia, mweupe ni kushoto, na hapo hesabu imeisha. Hata ungeipa TV filamu yenye sauti nzuri kuliko zote, kabla ya kuitoa kwenye matundu yale lazima TV iikunje iwe njia mbili. Waya wenyewe hauna ubaya, na kwa redio au simu utakufaa, ila kwa 5.1 ung'oe.

Geuza risiva utazame nyuma. Kuna tundu la HDMI lililoandikwa OUT, na pembeni yake herufi ARC? ARC ni njia ya TV kurudisha sauti kwenye risiva kwa waya uleule wa HDMI. Ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva zilizotengenezwa kuanzia kama 2010 nyingi zinayo. Kama yako inayo, una bahati, waya mmoja unatosha. Toka kwenye HDMI OUT ya risiva nenda kwenye TV, lakini si kwenye tundu lolote la TV: ingia kwenye lile lililoandikwa ARC au eARC, toleo lake jipya. Kwa kawaida ni moja tu, na watu wengi huchomeka la jirani yake wakashinda siku nzima wanalaumu waya. Kisha kwenye TV washa ule mfumo wa vifaa kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, ambao kila kampuni imeupa jina lake: Samsung huuita Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Ukimaliza ingia kwenye menyu ya risiva uwashe HDMI Control na ARC huko pia. Upande huu wa risiva ndio unaosahaulika, kwa sababu risiva nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimezimwa hicho kitu.

Kama haina ARC, tafuta tundu dogo la pembe nne lililoandikwa OPTICAL. Kwenye TV ukifungua tundu lake utaona mwanga mwekundu unawaka ndani. Nunua waya wa optiki, na kabla hujauchomeka ng'oa vile vikofia vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili. Nacheka ninapoandika hivi, lakini vikofia hivyo vimewakimbiza watu mpaka dukani kurudisha waya mzima.

Waya wa optiki ulibuniwa kubeba stereo isiyobanwa, njia mbili tu. Njia sita zisizobanwa hazienei. Dolby Digital inaenea kwa sababu imebanwa sana: 5.1 nzima kwenye DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, wakati stereo ya kawaida isiyobanwa inafika megabiti moja na nusu. Ndiyo maana waya uleule unaweza kukupa spika mbili au tano, ikitegemea TV imeamua kutuma kitu gani ndani yake. Na hapo tunafika kwa mminaji wa pili, ambaye ndiye hodari zaidi.

Ni menyu ya TV. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, mara nyingi chini ya sehemu ya "Advanced" au "Expert", utafute kitu kinachoitwa Digital Sound Output, Digital Audio Out au jina linalofanana na hayo. Utakuta pameandikwa PCM. Maana yake TV inaufungua mkondo yenyewe, inaukunja, halafu kwenye optiki au ARC ya kawaida inaipa risiva njia mbili zilizo tayari. Badilisha. Majina hutofautiana: Auto, Bitstream, Pass Through, Dolby Digital. Yote yanamwambia TV kitu kimoja, kwamba usikunje, tuma mkondo wenye njia zote. Kama mstari huo ni wa kijivu na haubonyezeki, ni kwa sababu bado umechagua spika za TV. Kwanza badilisha Sound Output iwe Optical au HDMI ARC, kisha rudi.

Ukichagua Auto na risiva ikanyamaza kabisa, usiogope. Netflix hutuma Dolby Digital Plus, ambayo ni mdogo wake Dolby Digital, na risiva za miaka ya mwanzo ya 2000 haziielewi. Chagua Dolby Digital waziwazi, bila Plus. TV nyingi zitatafsiri zenyewe na risiva ya zamani itapokea 5.1 yake bila malalamiko. Kwa mtumba hili ndilo chaguo ninaloanza nalo siku zote.

Kuna TV, hasa za miaka ya nyuma, zenye tabia moja mbaya: sauti ya programu zao wenyewe kama Netflix zinaitoa 5.1, lakini sauti inayoingia kwa HDMI kutoka kwenye king'amuzi au DVD zinaikunja kabla ya kuipeleka nje. Ukiona Netflix inatoa sauti mpaka nyuma ila king'amuzi hakitoi, TV yako iko kwenye kundi hilo, na menyu haitakusaidia. Dawa ni kukipitisha king'amuzi kwenye risiva kwanza: HDMI ya king'amuzi iingie kwenye risiva, ya risiva ndiyo iende kwenye TV. Kwa risiva ya mtumba angalia mambo mawili. Zile za mwanzo kabisa zenye HDMI hupitisha picha tu, sauti haziigusi, kwa hiyo hata hapo utahitaji optiki. Na zile zisizo na HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili picha, huzuia picha za 4K; hizo ziachie king'amuzi cha kawaida na DVD, kifaa cha 4K kichomeke moja kwa moja kwenye TV.

Baada ya kubadilisha, washa kitu chenye 5.1 ya uhakika na utazame kioo cha risiva. Kama una DVD halisi ya filamu na deki bado ipo kabatini, hiyo ndiyo mizani nzuri kuliko zote. Hata Netflix inafaa, mradi filamu ina alama ya 5.1 na kwenye orodha ya lugha umechagua ile iliyoandikwa 5.1 mbele yake. Kioo kitaandika Dolby Digital, au alama yake ya D mbili zilizogeuziana migongo, na kwenye risiva nyingi kuna visanduku vidogo vyenye herufi L, C, R, SL, SR na LFE, yaani mbele kushoto, katikati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia na ile besi ya ".1". Kwa kawaida visanduku hivyo ni taarifa ya kilichoingia, si spika zilizofungwa. Vikiwaka vyote, kazi ya waya na TV imekwisha. Ikiwaka L na R peke yake, bado kuna mtu anamimina huko nyuma, na hakuna mipangilio ya risiva itakayokuokoa. Kama yako haionyeshi, bonyeza INFO, DISPLAY au STATUS kwenye rimoti mpaka iseme. Hakikisha pia kwamba risiva inasikiliza tundu ulilochomeka: risiva nyingi zina menyu ya kuunganisha tundu la optiki na jina la chanzo, na ukiuacha ule waya mwekundu na mweupe humo ndani inaweza kuendelea kuusikiliza huo.

Sasa chanzo chenyewe, na hapa nitakuvunja moyo kidogo. Vitu vingi unavyoangalia havikuwa na 5.1 tangu vilipozaliwa. Taarifa ya habari, tamthilia, mpira wa ligi yetu, yote hayo tegemea stereo. YouTube karibu yote ni stereo. Muvi za flashi ni bahati nasibu. Faili dogo la filamu nzima lililobanwa likaishia megabaiti mia saba au nane mara nyingi sauti yake ni AAC ya njia mbili, kwa sababu aliyelibana alitaka nafasi, hakuwaza spika zako. Soma jina la faili: likiwa na DD5.1, DDP5.1 au AC3, yaani familia ya Dolby Digital, una matumaini, likiwa na 2.0 usijisumbue. Likiwa na DTS, angalia TV yako kwanza, maana Samsung waliondoa DTS kwenye TV zao kuanzia 2018, na LG waliiondoa kwenye zile za 2020 mpaka 2022. Faili la namna hiyo linakupa picha safi na ukimya mtupu, na fundi mwingine anaweza kukuuzia IC hapo pia.

Na muvi zilizotafsiriwa? Zile za maDJ wetu na za maVJ wa Kampala ninazipenda kama wewe, lakini fikiria zinavyotengenezwa: mtu anachukua filamu, anaweka sauti yake juu, anateremsha ya wazungu chini, na kinachotoka ni stereo, mara nyingine mono kabisa. Helikopta ya nyuma ilishauawa kabla flashi haijafika kwako.

Kwa vitu hivyo vya njia mbili usirudi kwenye ALL CH STEREO. Huo ni mtindo wa sherehe: unachukua stereo na kuinakili kila kona, ndiyo maana ulisikia kitu kilekile kila upande. Unafaa ukiwa na wageni wamejaa mpaka varandani. Kwa kuangalia TV tafuta mtindo unaoitwa Pro Logic II, na kama una chaguo ndani yake chukua Movie. Kwenye risiva mpya zaidi jina lake ni Dolby Surround, na kwa upande wa DTS ni Neo:6 au Neural:X. Mitindo hii hulinganisha kushoto na kulia: kilicho sawa pande zote mbili, kwa kawaida maneno, hupelekwa katikati, na kilichopingana hupelekwa nyuma. Si 5.1 ya kweli, ni makisio, lakini ni makisio mazuri ajabu. Mpira kwenye Pro Logic II mtangazaji anakaa katikati ya TV na mashabiki wanahamia nyuma ya kochi lako. Muvi ya DJ nayo sauti yake inatulia katikati. Muziki mimi nauacha stereo. Taarabu yenye magitaa yanayoning'inia nyuma ya kisogo sioni raha yake. Wengine wanaipenda, shauri lao.

Angalia pia usiwe umeacha risiva kwenye DIRECT au PURE DIRECT. Mitindo hiyo hucheza kilichoingia kama kilivyo, kwa hiyo stereo itabaki mbele hata ufanyeje.

Nyuma ya risiva kuna mtego mmoja zaidi. Kama ni ya 7.1 utakuta sehemu mbili za spika za nyuma: SURROUND na SURROUND BACK. Jina la pili linadanganya watu, wanasema spika zangu ziko nyuma, basi ni BACK. Hapana. Kwa spika tano, za nyuma zinafungwa kwenye SURROUND. SURROUND BACK ni ya jozi ya sita na saba, iache tupu. Kisha ingia Speaker Setup uhakikishe katikati na nyuma hazijaandikwa None. Risiva ya mtumba imekuja na mipangilio ya sebule ya mwenyewe wa kwanza, na kama huyo alikuwa na spika mbili, nayo inaamini bado ana mbili. Ningekuwa wewe ningeirudisha kwenye hali ya kiwandani kwanza, ndiyo nianze upya.

Humohumo spika ndogo ziandike Small na mpaka wa besi (Crossover) uuweke hezi 80, au 100 mpaka 120 kwa vispika vya hom thieta ambavyo ni vidogo kama ngumi. Small hapa si tusi kwa spika yako, ni amri ya kupeleka besi kwenye sabufa. Umbali wa kila spika mpaka ulipokaa upime kwa futi ya fundi uandike. Sauti hutumia kama milisekunde tatu kwa kila mita, na risiva hutumia namba hizo kuzichelewesha spika zilizo karibu ili zote zikufikie kwa pamoja. Kama ndani ya boksi kulikuwa na kimaikrofoni chenye waya mrefu, risiva itajipima yenyewe: Yamaha huita YPAO, Denon na Marantz Audyssey, Pioneer MCACC. Kiweke kimaikrofoni usawa wa masikio, zima feni, watoto watoke nje.

Tuje kwenye sabufa, maana hiyo kimya chake kina sababu nyingine kabisa. Sabufa ya hom thieta ya boksi moja kwa kawaida haina amplifaya ndani yake. Amplifaya yake ilikuwa kwenye ile mashine uliyoiacha. Tundu la SUBWOOFER kwenye risiva linatoa sauti nyembamba ya kupelekwa kwenye amplifaya nyingine, haliwezi kusukuma koni. Unahitaji sabufa yenye waya wake wa umeme wa ukutani. Kama bajeti imekaa vibaya, kuna njia ya Kiswahili ambayo mimi naikubali: chukua ile sabufa ya kawaida ya dukani yenye vispika viwili, ng'oa vispika, peleka waya wa RCA kutoka SUBWOOFER ya risiva mpaka kwenye tundu la AUX la sabufa. Amplifaya iko ndani yake, itanguruma. Kama huna ya kufanyia hivyo kwa sasa, andika Subwoofer None kwenye menyu ili besi irudi kwenye spika za mbele, lakini basi usifungulie sauti sana, vispika vile vitakufa.

Na hivyo vispika vitano vyenyewe, geuza nyuma usome omu zake, kipimo cha ukinzani wa umeme. Za boksi moja nyingi ni omu 3 au 4, wakati risiva nyingi huandikwa omu 6 mpaka 8. Kwa sauti ya kawaida sebuleni zitafanya kazi, kwa sauti ya harusini risiva itapata moto na kujizima. Ikijizima na kuandika PROTECT, angalia pia uzi mmoja wa waya usiwe unagusa tundu la jirani. Waya wa 1.5 (milimita za mraba) unatosha kwa chumba chochote cha kawaida, na mstari uliochorwa upande mmoja wa waya upo ili chanya iende kwenye chanya. Spika moja ikigeuzwa haifi, lakini sauti ya pande mbili inapigana na besi inakonda.

Namna ya kuziweka: ukikaa kwenye kochi ukiitazama TV, mbili za mbele ziwe nyuzi 30 hivi kila upande, ya katikati chini au juu kidogo ya TV ikikutazama usoni. Za nyuma si za kupachika kwenye pembe za ukuta ulio mbali kule, ingawa ndivyo sebule nyingi zilivyo. Zinatakiwa ubavuni kwako zikirudi nyuma kidogo, kwenye nyuzi 110 au 120, juu ya masikio kwa sentimita 60 mpaka 90. Kama kochi limegusa ukuta, na kwetu karibu kila kochi limegusa ukuta, lisogeze mbele hata kwa nusu mita. Marumaru, kuta za saruji na dari ya jipsamu hurudisha sauti kama msikitini. Zulia moja nene na pazia zito litakusaidia kuliko kubadilisha spika.

Baada ya haya yote spika za nyuma bado zitanyamaza muda mwingi, na hapo ndipo watu huniandikia tena. Ndivyo filamu zilivyo. Maneno yako katikati, muziki umesambaa mbele, nyuma panapita mvua, gari, risasi, mwangwi wa ukumbi. Dakika tano za watu wawili wanaongea mezani huenda zisikupe chochote nyuma. Usipandishe sauti ya nyuma ili usikie kila wakati, utaharibu mizani yote.

Jambo moja la usalama, kwa kuwa ni mtumba. Soma kibandiko karibu na waya wa umeme kabla hujachomeka tena. Zilizotoka Marekani huandikwa volti 120, za Japani 100, na umeme wetu ni 230. Kama yako inawaka mpaka leo basi ni ya 230, au umeichomekea transfoma ya kushusha umeme. Ikiwa ni transfoma, hakikisha ukubwa wake unazidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha risiva, si zile za tangazo la "wati elfu moja" mbele yake.

Ikitokea kioo kinawasha SL na SR, mipangilio iko sawa, na bado upande mmoja wa nyuma hauongei, endesha Test Tone kwenye menyu ya risiva. Hiyo inatengeneza mlio yenyewe na kuutembeza spika moja baada ya nyingine bila kutegemea TV wala filamu. Spika isipolia, zima risiva, hamishia waya wake kwenye tundu la mbele, jaribu tena. Ikilia huko, kweli kuna tatizo ndani, na mara nyingi ni rilei, swichi ndogo ya umeme iliyo ndani, iliyoshika kutu kwenye risiva iliyokaa miaka bila kutumika. Rilei ni kifaa cha bei ndogo, si kazi ya laki na nusu. Lakini yako imeshalia nyuma kwenye ALL CH STEREO, kwa hiyo anza na waya na ile menyu ya PCM. Ukikwama niandikie vitu vitatu: modeli ya risiva, modeli ya TV, na herufi zinazowaka kwenye kioo wakati Netflix inacheza.